Nkatha Hakuulizwa

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua ya kwanza ya msimu imeanguka Laare leo na Chumba cha Filamu kimevuja. Nimeweka karai chini ya tundu, nimepanga mito upya, nimemwomba Mungu asiwape wageni macho ya kutazama juu. Chumba ni cha Madam Nelius, kama hoteli yote ilivyo, na mimi ni msimamizi wa vyumba tu, mtu wa kuja kutoka Gachoka, kule Mbeere. Lakini nakiita changu na sitaacha. Mimi ndiye niliyechagua ile rangi ya udongo ukutani. Mimi ndiye niliyemsumbua seremala mpaka nguzo nne za kitanda zikafanana na zile za kwenye filamu.

Nani nchi hii hajaiona Mvua ya Nyambene? Walikuja kuipiga hapa hapa, kwenye vilima hivi vya miraa, na tangu itoke watu hutoka Nairobi na Nakuru wakiuliza nyumba ya Nkatha, yule msichana wa filamu, iko wapi. Nyumba ya Nkatha ilikuwa mbao na turubai, na ilibomolewa siku wapiga picha walipofunga mizigo. Madam akasema, basi tuwajengee. Tukageuza ghorofa ya juu kuwa chumba cha wapendanao: neti inayoshuka kutoka darini, redio kuukuu isiyoongea, taa ya mafuta iliyotiwa balbu, na picha kubwa ya Nkatha karibu na mlango, ameloa chepechepe. Kwa vile filamu nzima ni mvua, tumeficha spika juu ya dari inayotoa sauti ya mvua kwenye mabati. Maharusi wanabonyeza kitufe, wananyeshewa wakiwa wakavu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wageni kutoka Nkubu wamelalamika. Mvua ya nje ilikuwa inanyesha, ya spika nayo inanyesha, wakashindwa kusikilizana. Nimewaambia wachague moja. Bibi harusi alitaka ya Mungu. Bwana harusi alitaka ya spika, eti ameilipia. Ndoa yenyewe ina siku mbili.

Jumatatu, 14 Oktoba

Madam amekizunguka chumba mikono ikiwa nyuma, halafu akasimama katikati.

"Regina, na ile bunda ya miraa iko wapi?"

Kweli, tumelisahau. Kipande kinacholiza watu wote kwenye filamu ni hicho cha bunda. Wazee wanasimama mlangoni pa Nkatha, mvua inawapiga, wanamnyoshea bunda la miraa lililovishwa jani la mgomba. Nkatha analipokea kwa mikono miwili, anachuma ncha moja, anaitafuna huku akiwatazama. Muziki unapanda. Hasemi neno. Nimekiangalia kipande hicho mara nyingi kuliko mtu yeyote hapa, lakini kila mara nilikuwa nakagua mapazia.

Madam ni wa Kanyakine, kwao ni chai na ndizi, miraa haijui sana. Amempigia simu Misheck, mkulima ambaye shamba lake limepakana na ua wetu wa nyuma na ndiye hutuletea maziwa. Amemwambia anataka bunda kama lile la kwenye filamu, jipya kila wiki, la kuweka mezani.

Alhamisi, 17 Oktoba

Bunda limekuja. Nilidhani Misheck atalileta kwa pikipiki pamoja na mitungi ya maziwa. Badala yake wamekuja wazee watatu kwa miguu, wamevaa makoti ya kanisani. Mbele alikuwa Mzee Mutugi, baba mdogo wa Misheck, ndiye aliyelibeba. Misheck mwenyewe alikuwa nyuma kabisa, macho kwenye viatu vyake vya mpira.

Madam alikuwa ameenda mjini Maua. Lennox wa mapokezi ndiye aliyeona fursa.

"Madam Regina, simama hapo hapo! Usisonge! Aki hii ndio content sasa!"

Mvua ilikuwa imeanza. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi na wale wazee walikuwa wamesimama vilevile kama kwenye filamu, bila kuambiwa na mtu. Lennox akanitupia leso ya Nkatha kutoka kwenye sanduku la maonyesho, nikajifunga. Nikapokea bunda kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, jinsi mama alivyonifunza kupokea kitu cha mkubwa.

"Onja! Onja kama Nkatha!" Lennox akapiga kelele huku simu iko hewani.

Nikachuma ncha, nikatafuna. Chungu. Nikawatazama wazee kwa macho makubwa, kwa sababu nikifanya kitu sipendi kukifanya nusu. Mzee Mutugi akavua kofia, akasema maneno kwa Kimeru, wenzake wakaitikia kwa pamoja. Nikasema asante. Walipoondoka nililiweka bunda mezani kwa Nkatha, kando ya redio, na likapendeza.

Ijumaa, 18 Oktoba

Lennox anasema tumetrend. Chumba kimeshikwa na wageni mpaka mwisho wa Desemba. Madam amenikumbatia, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata nilipofiwa na baba.

Jumapili, 20 Oktoba

Leo kanisani wanawake nisiowajua majina wamenishika mkono na kuniambia hongera. Nikadhani ni kwa video. Mmoja akanishika tumbo. Hapo nikashangaa.

Eunice, mpishi wetu, ni mzaliwa wa hapa na ndiye rafiki niliye naye Laare. Tuliporudi alinivuta nyuma ya stoo ya kuni.

"Regina, unajua ulipokea nini wewe?"

"Miraa ya kupamba meza."

"Woi! Hiyo si ya meza. Hiyo ni ncoolo. Wazee hubeba hiyo wakienda kutaka msichana. Ikipokewa, mlango umefunguka. Na wewe hukupokea tu. Ulikula!"

Nikacheka. Eunice hakucheka.

"Inafaa ipokewe na baba ya msichana. Wewe hapa huna baba, kwa hivyo wanasema umejipokelea mwenyewe, tena ukapiga na magoti. Huku sokoni unaitwa bibi ya Misheck tangu Alhamisi."

Nimekaa kwenye gunia la viazi mpaka chapati zake zikaungua. Nina miaka thelathini na sita. Nimekataa mwalimu wa Kiritiri, nimekataa mwenye duka la mbolea, nimekataa kwa mdomo wangu na kwa sababu zangu. Halafu leo naambiwa nimeolewa kwa kusaidia tangazo la hoteli. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Haiwezekani. Na haitawezekana.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimemwendea Misheck shambani. Alikuwa juu ya mti wa miraa anachuma, akashuka aliponiona. Ni mtu mrefu wa arobaini na kitu, hajawahi kuoa, mwenye tabia ya kujibu baada ya mwenzake kuchoka kusubiri.

Nikamuuliza kama alijua. Akasema alimwambia baba yake mdogo kwamba bunda ni la hoteli. Mzee Mutugi akamjibu kwamba ncoolo haifungwi kwa sababu ya hoteli, hoteli si mtu. Ikifungwa lazima iende kwa mwanamke, na mwanamke asiye na mume pale hotelini anajulikana ni nani.

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza, Misheck?"

Akapangusa panga kwenye suruali, upande huu, upande ule.

"Kwa sababu sikuchukia."

Nilimpa kisogo nikaondoka. Nimeteleza kwenye tope mbele yake, nikainuka, nikaendelea kutembea kana kwamba ndivyo nilivyopanga.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua. Sijaongea na mtu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Madam ameniita ofisini na kufunga mlango. Nilikuwa nimejipanga kumwambia tuwarudishie wazee bunda lao pamoja na samahani. Hakunipa nafasi.

"Regina, mimi nimeuliza watu. Hiyo kitu hairudishwi hivyo. Ukirudisha, Mzee Mutugi atasema hoteli ya Nelius inachezea vitu vya wazee. Na huyo mzee akisema, hakuna harusi ya Laare italetwa hapa tena. Hata kanisa litanihama."

"Kwa hivyo niolewe ndio hoteli ipate harusi?"

"Usiongee hivyo. Misheck ni mtu mzuri. Hanywi, ana shamba, ana heshima. Wewe unangoja nini? Malaika?"

Nikamwambia singoji mtu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Basi nikueleze wazi. Wakija rasmi, uwakubali vizuri. La sivyo, tafuta kazi kwingine."

Nimetoka pale nikaenda kutandika Chumba cha Filamu. Nilikunja pembe za shuka kwa nguvu hivi kwamba wageni watahitaji kisu kuingia kitandani.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimemwambia Lennox aifute ile video. Akasema, "Nimeshafuta kitambo, Madam, lakini iko kwa simu ya kila mtu, hata ya chifu." Alionekana ana huruma. Nimeshindwa kumchukia.

Jumanne, 29 Oktoba

Mama amepiga simu kutoka Gachoka. Huniita maitu, mama yangu, kwa sababu nimepewa jina la mama yake, Ciakuthii. Mtu amemwonyesha video sokoni.

"Maitu, umependeza! Mbona hukuniambia?"

Nikamweleza yote, polepole, bila kupaza sauti. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama Misheck ana meno yake yote.

Ijumaa, 1 Novemba

Nimeigeuza picha ya Nkatha itazame ukuta. Jioni wageni wameigeuza tena. Wamesema chumba bila uso wake hakina mapenzi.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua. Mashuka hayakauki. Nimeyaanika kwenye ukumbi wa mikutano, juu ya viti vya semina ya wakulima.

Jumamosi, 9 Novemba

Mzee Mutugi amepita uani nikiwa na kapu la nguo mbichi. Akasimama, akanisalimia vizuri sana, kisha akasema, "Mke wa mwanangu, usibebe hiyo. Iache wasichana wabebe."

Nikaweka kapu chini. Nikachukua na la pili. Nikayabeba yote mawili mbele yake hadi kwenye kamba, na mgongo unaniuma mpaka sasa. Si mzee mbaya. Ananiongelesha kwa upole kuliko wanaume wengi niliofanya nao kazi. Hilo ndilo linalonichosha, kwamba hakuna mtu mbaya hapa wa kumtukana. Kila mtu ananitakia mema na hakuna hata mmoja anayeniuliza kitu.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua ya mawe. Dari ya Chumba cha Filamu imefunguka juu ya kitanda na maji yakaingia mpaka kwenye spika. Wageni wa Meru mjini walikuwa njiani. Madam alikuwa anapiga simu huku na huku, mafundi wote wanasema barabara imekatika. Misheck alikuwa ameleta maziwa. Alivua koti, akapanda na kipande cha bati, na mimi nikamshikia ngazi kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuishika.

Mvua ikizidi kunipiga usoni nikamwuliza kutoka chini, kwa sauti ya kushinda mabati: "Kwa nini hukuja mwenyewe?"

Nyundo ikanyamaza.

"Nilikuwa nikija kila siku na maziwa," akasema. "Miaka miwili. Kila siku naanza kusema, na wewe unasema, weka hapo, asante."

"Hujawahi kuanza kusema!"

"Kwa kichwa nilikuwa naanza."

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Alishuka akiwa amelowa mpaka kwenye mfuko wa shati. Akaniangalia sawasawa kwa mara ya kwanza.

"Regina, nilikukosea. Nilifaa nimwambie Mzee hapana. Niliona njia rahisi nikaingia."

Ni msamaha wa kwanza nimepata tangu mwezi wa kumi. Nimeupokea kwa kichwa tu, mikono ilikuwa kwenye ngazi.

Ijumaa, 15 Novemba

Ameleta maziwa. Ameweka hapo. Nimesema asante, kisha nikasema, "Na habari ya asubuhi?" Alimwaga kidogo.

Jumatatu, 18 Novemba

Madam amekuja kukaa nami tukikunja taulo, jambo ambalo halifanyi. Alikunja vibaya, nikawa nazikunja upya akigeuka.

Akaanza mwenyewe. Kwao Kanyakine, siku walipokuja kumposa, ilikuwa asali. Baba yake aliipokea sebuleni. Yeye alikuwa jikoni anaosha vyombo, akasikia wanaume wanacheka, akadhani wanazungumza habari ya ng'ombe.

"Nilijua jioni," akasema. "Na nimekaa naye miaka ishirini na minane mpaka Mungu akamchukua. Sikufa."

"Madam, ulimpenda?"

Akaendelea kukunja. Taulo mbili, tatu. "Nilimzoea. Alikuwa mtu mzuri." Kisha akasema, kwa ukali ambao sikuuelewa ulikuwa wa nani, "Mbona wewe uulizwe, na mimi sikuulizwa?"

Nilikuwa namwona kama mtu wa biashara anayenitoa sadaka kwa sababu ya harusi za watu. Leo nimemwona msichana mwenye sufuria mkononi. Nimemhurumia kwa moyo wote. Lakini huruma yangu haitanifanya niingie jikoni nikaoshe vyombo naye.

Ijumaa, 22 Novemba

Mama amepiga. Madam amewaalika. Watakuja Jumamosi ya tarehe saba Desemba, yeye na kaka yake, mjomba Nthiga, ambaye ndiye anasimama mahali pa baba. Wazee wa Misheck watakuja siku hiyo hiyo, hapa hotelini, na uji wa kuposea.

"Maitu, nimeshashona nguo," mama akasema.

Nikamwambia mimi sijakubali kitu. Akasema tutaongea akija. Hajawahi kushona nguo kabla ya jambo kuwa tayari, kwa hiyo nimejua kwamba kwake jambo liko tayari.

Jumatano, 27 Novemba

Niandike ukweli hapa maana sina pengine pa kuuweka. Nampenda Misheck. Si kama Nkatha, na muziki na macho. Nampenda kwa namna ninavyotega sikio kusikia pikipiki ya maziwa. Amenieleza habari za mama yake, amenifunza kutofautisha miraa ya mti mzee na ya mti mchanga, amecheka nilipomwambia yetu ya Mbeere huliwa na mbuzi.

Ingekuwa rahisi kama ningemchukia. Ningesema hapana nikalala. Sasa nikisema ndiyo, watu wote watasema: si tulisema? Mzee atasema bunda limefanya kazi. Madam atasema hakuna anayehitaji kuulizwa, wote hufika. Mama atavaa nguo yake. Na mimi nitakuwa nimeolewa tangu tarehe kumi na saba Oktoba, siku niliyokuwa napigwa video.

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua inapungua. Milima imeonekana asubuhi.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimemwambia Misheck awazuie wazee wasije. Akasema alijaribu, Mzee Mutugi akamjibu kwamba mwanamume haombi msamaha kwa kuoa. "Nitakuja nao," Misheck akasema. "Lakini ukisema kitu, sitasimama upande wao." Sikujua kama hilo ni kubwa au dogo.

Jumamosi, 7 Desemba

Nitaandika yote, maana kesho kila mtu atakuwa na hadithi yake.

Mama alifika na nguo ya zambarau na mjomba Nthiga na kofia yake ya kijani. Mjomba ni mtu wa maneno machache. Alinishika mkono, akauliza kama nakula vizuri, akaketi. Madam alikuwa amepanga ukumbi wa kulia chakula: vitambaa vyeupe, maua, viti vya wazee wa Misheck upande wa dirisha na vya kwetu upande wa jikoni. Walikuja wazee sita pamoja na Misheck, na mtungi wa uji wa wimbi uliochachuka vizuri, harufu yake ilijaa chumba. Eunice akapanga vikombe. Mimi nikawekwa kwenye kiti kando ya mama, nisiongee.

Mzee Mutugi alisimama akaeleza. Aliongea vizuri, nakiri. Alisema wamekuja kwa adabu, kwamba ncoolo ilipelekwa na ikapokewa kwa mikono miwili, na kwa kuwa dunia ya siku hizi inataka ushahidi, akamwomba Lennox aonyeshe. Basi nikajiona kwenye televisheni kubwa ya ukumbi, na leso ya Nkatha, nikipiga goti, nikitafuna, nikitoa macho. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Mama akapangusa machozi. Ilikuwa nzuri kweli. Nilitamani kuingia chini ya meza.

"Mmejionea," Mzee Mutugi akasema, akaketi. Mtu akaanza kumimina uji. Kikombe cha kwanza akapewa mama.

Mjomba Nthiga alikuwa bado anaangalia televisheni iliyozimwa.

"Nauliza," akasema. "Hapo kabla ya kupokea, aliulizwa nini?"

Aliyekuwa anamimina uji akasimamisha mkono.

"Alipelekewa ncoolo," Mzee Mutugi akasema. "Hiyo ndiyo swali."

"Ni desturi yenu na naiheshimu. Lakini huyu mtoto ni wa Mbeere. Sisi kwetu, kinywaji cha watu wa mwanamume hakiguswi kabla msichana hajaulizwa, mbele ya wote, na kwa mdomo. Baba yake angekuwa hapa angemuuliza. Dada, weka kikombe chini."

Mama akakiweka. Alikuwa anatabasamu. Kwake hiyo ilikuwa sehemu tu ya sherehe, kama alivyoulizwa yeye, kama ilivyo kwa wote, msichana anasimama, anaona haya, anasema kunyweni, watu wanapiga vigelegele. Yeye ndiye aliyemleta mjomba ili mambo yafanywe sawasawa.

"Ciakuthii, simama."

Nikasimama.

"Hawa watu wameleta uji. Tunywe, au tusinywe?"

Nilimwangalia mama na nguo yake. Nilimwangalia Madam karibu na mlango wa jikoni, mikono imeshikana. Nilimwangalia Misheck, naye alikuwa ananiangalia, hakuangalia viatu. Nilimpenda wakati huo kuliko siku zote. Ni mara ya kwanza tangu mvua ianze mtu kuniuliza, na nikajua kwamba swali si swali kama jibu lake ni moja tu.

"Msinywe," nikasema.

Mama akasema, "Maitu..." kwa sauti ndogo sana.

Mjomba hakubadilika uso. "Huulizwa mara tatu. Ciakuthii, tunywe?"

"Msinywe, mjomba."

Alipofungua mdomo mara ya tatu, kiti kikasukumwa upande wa pili. Misheck alikuwa amesimama.

"Mzee, amesema. Msimchoshe."

"Keti chini!" Mzee Mutugi akamwambia. "Na ile video? Watu wote wameona akila!"

"Hiyo ni ya hoteli," mjomba akasema. "Hii ni ya kwetu." Akainuka, akachukua kikombe cha mama, akamimina uji ukarudi mtungini taratibu, hata tone halikuanguka, akafunika. Kisha akamshukuru kila mzee kwa mkono. Mzee Mutugi alichelewa kutoa wake, lakini aliutoa.

Walipoondoka, Madam alikuja mpaka nilipokuwa nimesimama bado.

"Mwezi ukiisha, usirudi," akasema.

"Nitamaliza mwezi, Madam. Vitanda havijanikosea."

Nilidhani atanipiga. Akageuka akaenda jikoni, na Eunice anasema alisimama kwenye sinki, maji yakitiririka, bila kuosha kitu.

Jumapili, 8 Desemba

Mama hakuniongelesha asubuhi. Wakati wa kuondoka alinishika uso kwa mikono yote miwili. "Mimi niliulizwa nikasema kunyweni," akasema. "Sikujua mtu anaweza kusema lile lingine." Sijui kama alikuwa ananigombeza.

Jumanne, 10 Desemba

Kanisani hamna hongera tena. Sokoni mwanamke muuza nyanya amenipa kisogo. Mwingine, kijana mwenye mtoto mgongoni, amenifuata hadi barabarani akaniuliza kwa kunong'ona kama ni kweli nilisema mara mbili. Nikamwambia ni kweli. Akaenda zake.

Jumamosi, 14 Desemba

Maziwa yanaletwa na mtu mwingine.

Jumatano, 18 Desemba

Harusi mbili za Laare zimehamia hoteli nyingine. Madam ameniambia hivyo bila kuniangalia. Nikamwambia pole, na nilimaanisha.

Jumanne, 31 Desemba

Jua. Nimetandika Chumba cha Filamu mara ya mwisho, nimezitia bawaba mafuta, nimemwonyesha Eunice mahali kitufe cha spika kinapokwama. Madam ameninyoshea mkono mlangoni, baridi na mfupi, kisha akaurudisha haraka kana kwamba umemponyoka.

Misheck alikuwa nje, kwenye lango. Sikuwa nimemwona tangu siku ile. Alisimama peke yake, bila mzee wala pikipiki. Alianza kunena, akakwama, na mimi sikumsaidia. Nilisubiri. Magari mawili yakapita.

"Ulisema hapana kwao," akasema hatimaye. "Ama ulisema kwangu?"

"Kwao. Wewe hukuwa umeniuliza kitu."

"Basi nauliza. Naweza kuja Gachoka, nikuone?"

Huo ndio ulikuwa mwisho wa swali lake. Hakukuwa na kitu kingine ndani yake, na kwa hiyo niliweza kulijibu.

"Njoo," nikasema. "Lakini ukifika kwetu, maswali nitauliza mimi, na utayajibu ukiwa umesimama."